Visahani vya moto juu ya uraniamu ya Katanga: tuamini, tucheke ao tuulize?

Mwaka 1952, gazeti moja la Ulaya liliandika kwamba visahani viwili vya moto vilionekana vikiruka juu ya migodi ya uraniamu kusini mwa Congo. Idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, iliitafsiri habari hiyo na kuihifadhi. Leo wengi wanaitaja kama ushahidi kwamba wageni kutoka sayari ingine walipita kwetu. Tumeisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari. Faida yake haiko kwa wapenzi wa visahani peke yao. Inamhusu kila mtu aliyewahi kuona kitu angani asijue ni nini, na kila mtu aliyewahi kuambiwa haraka haraka nani ndiye anahusika.

Karatasi yenyewe inasema nini

Chanzo ni gazeti Die Presse la mji wa Vienna, inchi ya Austria, la tarehe 29 mwezi wa tatu 1952. Linaeleza kwamba "hivi karibuni" visahani viwili vilionekana kwenye wilaya ya Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Vilizunguka kwa mikunjo mizuri, mara vikaonekana kama sahani, mara kama yai, mara kama mstari tu. Kisha vikasimama mahali pamoja, na vikaondoka kwa zigizaga kuelekea kaskazini-mashariki. Watu waliokuwa chini walisikia mlio mkali wa kuvuma. Yote hayo yalichukua dakika 10 mpaka 12.

Habari inaendelea kusema kwamba mkubwa wa kiwanja kidogo cha ndege cha Elisabethville, Komanda Pierre, alipanda ndege ya kivita akavifuata. Alifika karibu mita 120 na kimoja. Alikadiria upana wake kuwa mita 12 mpaka 15, rangi ikifanana na aluminiamu, sehemu ya katikati ikiwa imetulia na ukingo ukizunguka ndani ya moto. Baada ya dakika 15 aliacha kuvifuata, kwa sababu vilipotea kuelekea ziwa Tanganyika kwa mwendo aliokadiria kuwa kilometa 1.500 kwa saa. Gazeti linamsifu kuwa ofisa wa kuaminika.

Mwezi wa kwanza 2016, CIA iliiweka karatasi hiyo mbele ya watu pamoja na zingine za namna hiyo, ikicheza na umaarufu wa filamu ya televisheni ya X-Files. Tangu hapo, wengi wanasema: "CIA yenyewe imekubali." Hapo ndipo pa kusimama kwanza. Karatasi ina onyo kwamba habari iliyomo haijapimwa. Kazi ya idara ile ilikuwa kusoma magazeti ya inchi zingine na kutafsiri. CIA haikutuma mtu Katanga, na haikusema kwamba jambo lilitokea. Ilisema tu kwamba gazeti la Vienna limeandika. Kati ya mambo hayo mawili kuna safari ndefu.

Ramani inakataa

Msomaji wa Washington ao Vienna anaweza kupita juu ya majina ya mahali bila kushtuka. Msomaji wa Congo hawezi. Karatasi inasema migodi hiyo ya uraniamu iko mashariki mwa mto Luapula, ule unaounganisha ziwa Bangweulu na ziwa Mweru. Kila mtoto wa Kasenga ao Pweto anajua kwamba ukivuka Luapula kwenda mashariki, umeingia Zambia. Wakati ule iliitwa Rhodesia ya Kaskazini, na ilitawaliwa na Waingereza, si Wabelgiji.

Mgodi wa uraniamu uliojulikana dunia nzima ulikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Huko ndiko Union Minière ilichimba madini yaliyotoa sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945. Shinkolobwe iko kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, zaidi ya kilometa 100. Yaani iko upande ulio kinyume na ule unaotajwa na gazeti.

Je, kosa hilo linaonyesha kwamba rubani alidanganya? Hapana. Linaweza kuwa kosa la mwandishi aliyekuwa Vienna, mbali na ramani yetu. Lakini linaonyesha kwamba kati ya mtu aliyeona na karatasi tunayosoma, habari ilipitia mikono mingi, na angalau mkono mmoja uliiharibu. Kama mahali pamekosewa, kwa nini tuamini bila kuuliza zile mita 12 ao kilometa 1.500?

Saa, mwendo na mlio

Tuendelee na hesabu. Watu wa chini waliona mambo kwa dakika 10 mpaka 12. Ndege ikitoka Elisabethville mpaka Shinkolobwe, hata kwa mwendo wa kilometa 500 kwa saa, inahitaji karibu robo saa, bila kuhesabu muda wa kuwasha injini na kupaa. Rubani angefika visahani vimekwisha kuondoka. Labda vilikuwa karibu zaidi na mji. Lakini hapo havikuwa tena juu ya migodi ya uraniamu.

Mwendo wa kilometa 1.500 kwa saa unapita ule wa sauti, ambao ni karibu kilometa 1.200 kwa saa. Chombo tunachokijua kikipita sauti karibu na ardhi, watu wa chini husikia mshindo kama wa mzinga. Karatasi inazungumzia mlio wa kuvuma na mluzi tu, na rubani anasemekana aliusikia mluzi huo juu ya kelele ya injini yake mwenyewe.

Kuna pia shida ya macho. Ukinyoosha mkono, ncha ya kidole chako kidogo inafunika mwezi mzima. Hii ni kwa sababu jicho halipimi ukubwa wa kitu angani kama halijui umbali wake. Kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali vinafanana kabisa. Hata rubani mzoefu anapata shida hiyo akikutana na kitu asichokijua, kwa sababu hana mfano wa kulinganisha. Namba zake ni makadirio, na makadirio matatu yanategemeana: ukikosea umbali, umekosea upana na mwendo pamoja.

Mwisho, gazeti linasema "hivi karibuni" na halitoi tarehe. Bila tarehe, huwezi kuuliza hali ya hewa ilikuwa namna gani, sayari gani zilikuwa angani, ao kama watu wa Moba na Kalemie, huko ziwa Tanganyika, waliona kitu saa ileile. Habari isiyo na tarehe ni mlango usio na kitasa.

Jina lilitangulia kitu

Kwa nini sahani, na si sanduku ao gogo? Tarehe 24 mwezi wa sita 1947, Mmarekani Kenneth Arnold, akiwa ndani ya ndege yake ndogo karibu na mlima Rainier, aliona vitu tisa vikienda kwa kasi. Alieleza kwamba vilirukaruka kama sahani inayotupwa juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo wake, si umbo. Magazeti yakaandika "visahani vinavyoruka", na jina likaenea dunia nzima kwa siku chache. Tangu hapo, watu wa inchi nyingi walianza kuona sahani.

Hii haimaanishi kwamba wote walidanganya. Jicho huona, lakini akili ndiyo inayokamilisha picha, na akili hutumia vitu ambavyo imekwisha kusikia. Miaka mitano baada ya Arnold, habari ya Katanga ilikuja ikiwa na umbo ambalo wasomaji wa Vienna walikuwa tayari kulitambua.

Wakulima waliochekwa walikuwa na ukweli

Hapa msomaji anaweza kusema: basi mambo yamekwisha, ni hadithi tu. Tuvute breki. Kucheka bila kuchunguza ni kosa lilelile la kuamini bila kuchunguza, na historia ya elimu ina mfano unaowaumiza wasomi.

Katika karne ya 18, wakulima wa Ulaya walisema mara nyingi kwamba mawe yameanguka kutoka mbinguni. Wasomi wengi wa Paris waliwaona kama watu wasiojua kitu: mawe yatatokaje mbinguni, wakati mbinguni hakuna mawe? Mwaka 1794, Mjerumani Ernst Chladni aliandika kwamba mawe hayo yanatoka nje ya dunia, na wengi wakampinga. Kisha, tarehe 26 mwezi wa ine 1803, maelfu ya mawe yakaanguka mchana karibu na mji wa L'Aigle, huko Normandie, inchi ya Ufaransa.

Serikali ilimtuma kijana mwenye elimu, Jean-Baptiste Biot. Hakwenda kucheka, wala hakwenda kuabudu. Alitembea kijiji kwa kijiji, akauliza watu wa kazi mbalimbali ambao hawakuwa na sababu ya kupatana uongo, akaokota mawe, akachora ramani ya mahali yalipoanguka. Mawe hayo hayakufanana na mawe ya eneo lile, na ushuhuda wa watu ulilingana. Aliporudi Paris, ubishi ulikwisha. Wakulima walikuwa na ukweli, na vimondo vikaingia katika vitabu vya shule.

Tuangalie vizuri kilichoshinda. Si kelele za wakulima peke yake, wala cheo cha wasomi. Kilichoshinda ni mawe mkononi, ramani na ushuhuda uliolinganishwa. Habari ya Katanga haina hata kimoja kati ya vitatu hivyo. Lakini kama kesho mtu angeleta kipande kilichookotwa siku ile, pamoja na tarehe na ripoti ya rubani mwenyewe, ingetubidi tufungue upya kesi bila haya.

Anga la Kabare bado lina siri

Kwetu mashariki, mfano mwingine uko juu ya vichwa vyetu. Marubani walikuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba waliona mianga ya ajabu juu kabisa ya mawingu ya mvua, ikienda juu badala ya kushuka chini. Wengi hawakuwasikiliza. Mwaka 1989, wataalamu wa chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wakijaribu kamera, wakainasa kwa bahati. Leo tunajua kwamba radi kubwa inaweza kuwasha miale myekundu kwenye urefu wa kilometa 50 mpaka 90, inayodumu chini ya sekunde moja. Hata wana-anga wameipiga picha.

Jambo hilo linatuhusu. Mwaka 2016, watafiti waliotumia miaka 16 ya vipimo vya setilaiti walipanga mahali penye radi nyingi zaidi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa Kabare, mkoa wa Kivu Kusini: mimweko karibu 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Sababu zake zinaeleweka: unyevu mwingi, joto, milima inayosukuma hewa juu, na ziwa lililo karibu. Mtu anayeishi chini ya anga kama hilo ana nafasi ya kuona mianga ambayo jirani wa inchi ingine hataiona maisha yake yote. Akikuambia "niliona kitu", usimwambie "ulikuwa umelewa". Muulize.

Wabelgiji waliuliza namna gani

Mfano wa kuuliza kwa uzito unatoka Ubelgiji. Tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 1989, maaskari wa gendarmerie karibu na mji wa Eupen walisema wameona chombo kikubwa chenye taa kikipita polepole. Katika miezi iliyofuata, shirika la raia liitwalo SOBEPS lilikusanya shuhuda karibu 2.000. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 mwezi wa tatu 1990, jeshi la anga lilirusha ndege mbili za F-16. Rada zao zilionyesha alama zenye mwendo wa ajabu, lakini marubani hawakuona kitu kwa macho.

Jeshi halikuficha. Kanali Wilfried De Brouwer alisimama mbele ya waandishi wa habari na kueleza walichokuwa nacho. Kwa kuwa vipimo vilikuwa wazi, wataalamu waliweza kuvichambua. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya alama zilitokana na hali ya hewa, na zingine na F-16 moja kuishika mwenzake kwenye rada.

Na ile picha iliyozunguka dunia nzima, ya pembetatu nyeusi yenye taa iliyopigwa Petit-Rechain? Kwa miaka 21 watu waliitaja kama ushahidi mkubwa. Mwaka 2011 aliyeipiga alikiri kwamba aliitengeneza na wenzake kwa kutumia ile plastiki nyeupe nyepesi inayowekwa ndani ya karatoni za televisheni. Picha ilikuwa ya uongo, lakini hilo halikuwafanya maaskari wa Eupen kuwa waongo. Kila ushahidi unapimwa peke yake.

"Hakijatambulika" si jina la kitu

Marekani, mpango wa jeshi la anga ulioitwa Blue Book ulifungwa mwaka 1969 ukiwa umekusanya kesi 12.618. Kati ya hizo, 701 zilibaki bila maelezo, yaani kati ya 5 na 6 kwa 100. Mtaalamu wake wa elimu ya nyota, Allen Hynek, alianza akiwa mtu wa kupinga. Baada ya miaka alilalamika kwamba kesi nyingi hazikuchunguzwa kwa uzito. Ufaransa ina ofisi ya serikali ya kazi hiyo, leo ikiitwa GEIPAN, tangu mwaka 1977, chini ya kituo cha mambo ya anga CNES. Inapanga kesi kwa herufi: A ni zile zilizoeleweka kabisa, B zilizoelekea kueleweka, C zisizo na habari za kutosha, na D zilizochunguzwa vizuri na bado hazieleweki.

Herufi C ndiyo yenye somo. Kukosa maelezo mara nyingi ni kukosa habari, si kupata ajabu. Kesi ya Katanga, kwa karatasi iliyopo, ingeingia C.

Mwezi wa tisa 2023, tume ya watu 16 iliyoundwa na NASA ilitoa ripoti yake. Haikupata sababu ya kusema kwamba vitu hivyo vinatoka nje ya dunia. Ilisema pia mambo mawili yanayofaa kukumbukwa: vipimo vingi vilivyopo ni vibovu, na aibu ya kuchekwa inawazuia marubani kusema. Tume ilichukua video moja maarufu ya jeshi la majini, ambamo kitu kinaonekana kikikimbia sana juu ya bahari. Kwa kutumia namba zilizoandikwa kwenye video ileile, ilihesabu kwamba kitu kilikuwa juu karibu mita 4.000, na kikienda karibu kilometa 64 kwa saa, mwendo wa upepo. Kasi ilikuwa ya ndege iliyokipiga picha.

Kwa nini inatuhusu

Hapa kwetu, kitu kisichojulikana angani si mchezo wa filamu. Mashariki mwa Congo vita vimeleta droni, na mwanga unaozunguka usiku unaweza kuwa hatari ya kweli. Unaweza pia kuwa Zuhura, ile nyota kali ya jioni ao ya alfajiri. Unaweza kuwa msururu wa setilaiti za Starlink zikipita kama shanga baada ya kurushwa. Unaweza kuwa wingu lililopata rangi nyekundu ya Nyiragongo: mtu wa Goma anajua, mgeni aliyefika jana hajui.

Na kuna jibu lingine ambalo tunalitoa haraka kupita yote: kwamba ni mtu. Radi ikipiga nyumba, kuna wanaosema imetumwa. Taa ikionekana juu ya kilima, kuna wanaosema ni ndege ya usiku ya wachawi, na baada ya hapo linatafutwa jina, mara nyingi la mama mzee asiye na mtetezi. Mwezi wa tisa 2021, Kivu Kusini, wanawake wasiopungua wanane waliuawa kwa kushutumiwa uchawi. Anayesema kisahani cha sayari ingine na anayesema jirani amerusha ndege ya usiku wamefanya hatua ileile: wametoka kwenye "sijui" na kuruka mpaka "najua" bila kupita kwenye swali. Tofauti ni kwamba hatua ya pili inaua.

Basi ukiona kitu, fanya kama Biot. Andika saa kamili na tarehe. Taja upande: juu ya mlima gani, paa gani, mti gani. Hesabu kimedumu dakika ngapi. Usikadirie mita, linganisha na mwezi ao na ncha ya kidole chako. Ukipiga picha, ingiza ndani yake nyumba ao mti, na uihifadhi kama ilivyotoka kwenye simu. Walioona wengine waandike kila mmoja peke yake, kabla ya kuzungumza pamoja. Kitu kikianguka, usikiguse na uwazuie watoto: kinaweza kuwa silaha ambayo haijalipuka.

Baada ya hapo, huenda jibu litapatikana kesho yake, na litakuwa la kawaida. Huenda halitapatikana kabisa, na daftari yako itakaa ikimngoja mwenye chombo bora kuliko macho yetu. Shuhuda wa L'Aigle walimpata wao. Komanda Pierre wa Elisabethville, kama aliona kitu kweli, bado anangoja mtu alete tarehe.